Bunju wa Magurudumu Manne

Coventry, Uingereza

Kwenu wazee wangu, wajomba na mashangazi, na vijana wote wa Ndagoni, Mafia,

Huku baridi ni ile ile na watu wanailalamikia kwa maneno yale yale, kwa hiyo barua hii nimeitoa kwa jambo jingine: gari ambalo Waingereza hawaishi kulitangaza, kwa majonzi ya mzee anayemwoza binti wa pekee. Ni stesheni wagoni la nadra, mkono wa nne au wa tano, lililobadilishwa kuanzia rimu hadi paa, linalouzwa kwa shingo upande. Matangazo haya yana utaratibu wake kama khutba ya nikaha. Kwanza mwenye gari anaapa kwamba hakutaka kuliuza. Kisha anataja alivyovifunga: turbo kubwa kuliko ile ya kiwandani, springi fupi, ekzosi isiyoshika kutu, viti vya mashindano vinavyombana mtu kiuno kama kibwebwe. Anataja jumla ya fedha alizotumia, anaonya kwamba wapoteza muda wasimpigie simu, na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, anaweka bei ambayo haifiki nusu ya hizo fedha. Baadaye tangazo linarudi, bei imeshuka na majonzi yamepanda. Rai yangu ni kwamba soko halijamdhulumu mtu huyu hata senti. Kila alichokifunga alikifunga kwa ajili ya hamu yake peke yake, na sasa anatafuta mtu wa kuilipia hamu hiyo kwa mara ya pili.

Ninyi mnaolijua stesheni wagoni kwa Probox, au wazee mnaolikumbuka kwa Peugeot 504 yenye safu tatu za viti, mtauliza gari la kubebea mizigo na watoto lina hamu gani. Ndipo penye utamu. Huku stesheni wagoni ni gari la baba mtulivu, lenye mbwa nyuma na mwamvuli kwenye buti, na kwa sababu hiyo hiyo kuna wanaume wanaofurahia kulitia nguvu za siri. Hata viwanda vimewahi kucheza mchezo huo. Mwaka 1994 Volvo walipeleka stesheni lao la 850 kwenye mbio za magari za Uingereza, likakimbia na buti lake refu katikati ya magari ya kawaida ya mbio kama mama mjamzito aliyeingia uwanjani. Wajapani nao, kuanzia mwaka 1997, walichukua Nissan Stagea, gari la familia, wakalitilia injini ya silinda sita ya Skyline GT-R, lita 2.6 na turbo mbili, wakaliita Autech 260RS. Hayakufika elfu mbili. Sasa mpe mtu gari kama hilo, tayari limekwishapita kiasi, uone naye anavyoona bado limepungukiwa.

Twende kwenye bei, kwa sababu kushuka kwake kuna mitambo yake, wala si roho mbaya ya wanunuzi. Huku mwenye gari anatakiwa aiambie kampuni ya bima kila alichobadilisha. Akificha, siku ya ajali anaweza kuambiwa mkataba wake ni karatasi tu. Akisema, kampuni nyingi zinamkwepa na chache zinazobaki zinamtoza zaidi. Maana yake ni kwamba kila pambo alilolifunga muuzaji linageuka mzigo wa mnunuzi, na mzigo huo unadaiwa upya mwaka hadi mwaka. Kisha kuna ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT, kwa gari lililotimiza miaka 3. Majibu yake yako wazi: mtu yeyote mwenye simu anaandika namba ya gari na kusoma bure lilifeli lini, kwa kosa gani, na lilikuwa limetembea maili ngapi. Hebu fikirini madalali wetu wangeishije chini ya sheria hiyo! Juu ya hayo, tangu Agosti 2023 London nzima, kitongoji kwa kitongoji, inatoza pauni 12.50 kwa siku gari lisilofikia kiwango cha moshi, na magari mengi ya petroli ya miaka ya tisini hayakifikii. Muuzaji anapoimba nguvu za farasi, mnunuzi anapiga hesabu za pauni kumi na mbili na nusu.

Nyumbani mnunuzi wa gari ana maswali mawili kabla hata hajauliza bei: ni namba gani ya usajili, na injini imefunguliwa? Akisikia ni namba D anakunja uso kidogo. Akisikia injini imefunguliwa anatafuta pikipiki ya kumrudisha. Hapa kwenye matangazo ninayoyasema, kufunguliwa kwa injini ndiyo sifa ya kwanza. Pistoni mpya, shafti mpya, kompyuta ya injini imeandikwa upya. Mwanzoni mtu anaweza kudhani hawa na sisi tuna akili mbili tofauti. Tazameni vizuri: mwenye kulifungua ndiye anayeona ni sifa, na mwenye kulinunua anauliza swali lile lile la kwetu Kilindoni, kwamba aliyefungua alikuwa nani, na usiku gani, na je, boliti zote zilirudi. Hofu ya injini iliyofunguliwa haina uraia.

Sasa mtanipinga, na mna haki. Mtasema: mbona huko kwetu gari lililobadilishwa linapanda bei? Probox iliyonyanyuliwa, iliyoongezwa springi nyuma na kupigwa keria juu, inanunuliwa haraka kuliko ile iliyotoka melini jana. Kweli kabisa, na ushahidi huo ndio unaonisaidia. Aliyeongeza springi hakutumia hamu yake. Alisikiliza barabara, na barabara ile ile inamsubiri mnunuzi wa pili na wa watatu. Mchanga wa kwetu, makorongo ya masika, magunia ya nazi, abiria wa tisa kwenye gari la watano: haya ni mahitaji ya wengi, na kilichotengenezwa kwa mahitaji ya wengi hubaki na wanunuzi wengi. Mwingereza wangu alilipa fundi alishushe gari mpaka kati ya bampa na lami isipite kandambili. Alilipa pesa nzuri, jamani, ili apoteze kitu ambacho sisi tunalipa ili tukipate. Barabarani kwake kuna matuta ya kupunguza mwendo, na akifika kwenye tuta analivuka mshazari, polepole, kama kaa. Mtu wa pili wa kuyapenda mateso hayo kwa kiasi kile kile na kwa rangi ile ile ya zambarau hapatikani kwa wiki moja.

Mwingine wenu, na nadhani atakuwa fundi wa mbao, atapinga kwa upande mwingine. Atasema hakuna chombo cha peke yake kama jahazi. Kule kisiwani Chole mafundi wanachonga mashua ufukweni bila kiwanda, bila mchoro, na hakuna mbili zinazofanana. Mbona zinauzwa na kuuzwa tena? Jibu ni kwamba mashua imeshachaguliwa na bahari kabla ya fundi kushika shoka. Anayekuja kununua anaizunguka, anagonga mataruma, anaangalia mkuku, anabonyeza kalafati kwa kidole gumba, na ndani ya robo saa anajua alichoambiwa na ambacho hakuambiwa. Ujuzi wa muuzaji na wa mnunuzi ni mmoja. Gari lililochezewa mno limeuvunja ujuzi huo: mnunuzi anainua boneti anakuta nyaya ambazo hata aliyelitengeneza gari kule Japani hazijui, na pembeni kuna swichi isiyo na maandishi ambayo muuzaji anasema usiiguse. Mngenunua ngalawa ambayo mwenyewe ameondoa tengo moja ili iende kasi, halafu anawaambia imempendeza sana?

Pingamizi gumu zaidi ni la unadra. Kitu cha nadra ni ghali; hiyo ni hesabu ya lulu. Na yapo ya kutolea mfano. Audi RS2, stesheni lililotengenezwa kwa ushirikiano na Porsche kati ya mwaka 1994 na 1995, lilitoka chini ya elfu tatu, na leo wenye nalo wanaliweka gereji kama msahafu kwenye kabati. Lakini ulizeni wanunuzi wake wanachokitafuta. Wanatafuta lile ambalo halikuguswa. Rimu zile zile, viti vile vile, vitabu vya matengenezo vyenye mihuri yote. Kiwanda ndicho kilicholifanya nadra, kwa idadi inayojulikana na kwa ubora uliopimwa, na kila anayeongeza chake analitoa katika idadi ile na kulitia katika idadi nyingine, ya moja. Moja ni nadra kuliko elfu tatu, sikatai. Ila elfu tatu yana watu wanaoyajua na kuyalinganisha, na bei huzaliwa kwenye kulinganisha. Kitu kisicho na mwenzake mtu atakilinganisha na nini? Basi kila mmoja anakitajia bei ya kukisia, na mwenye kukisia kwa fedha zake mwenyewe hukisia chini.

Limebaki pingamizi ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki tunalipenda, na mimi nalipenda kuliko wote. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyotumika, gari la mashindano ambalo kiwanda kilikuwa kimeshalichosha na kikaona bora kuliuza. Mkweche uliobadilishwa, mkono wa pili, ukawashinda waliokuja na magari mapya. Je, hapo aliyenunua hakupata lulu? Alipata, tena kubwa. Lakini tazameni ni nani aliyenunua. Joginder alikuwa fundi wa magari tangu ujana wake. Alinunua kitu alichoweza kukifungua hadi msumari wa mwisho na kukifunga tena kwa mikono yake. Na mabadiliko ya gari lile yalikuwa ya kustahimili matope na mawe ya barabara zetu, yaani ni yale yale ya Probox, ila yana medali. Aliyeuza hakupata utajiri wowote. Faida yote iliangukia kwa mwenye spana. Kwa hiyo kisa hiki, pamoja na kunipa fahari, kinaniongezea ushahidi: gari la namna hii lina thamani kamili kwa fundi, na fundi ndiye mnunuzi anayejua zaidi kwa nini asilipe.

Ndiyo maana wauzaji wenye akili huku hawauzi gari lililobadilishwa. Wanalivua. Turbo inakwenda kwa mtu wa Leeds, viti kwa mtu wa Bristol, rimu kwa kijana ambaye gari lake mwenyewe halijafika, kisha vile vya zamani vilivyokuwa vimefungwa magazeti darini vinarudishwa mahali pake, na gari linauzwa kama mkewe baba mtulivu alivyolijua. Vipande vina wanunuzi wengi kuliko kizima. Asiyekubali kulivua, basi na aiseme kasoro moja baada ya nyingine, apige picha mpaka uvungu, na asubiri. Analouza ni bunju. Wajapani humla bunju na kumlipia fedha nyingi, lakini mpishi lazima awe na leseni ya kumtoa sumu; gulioni mtu anayemwona samaki yule amevimba hivi hupita zake kwenda kwa mwenye changu. Bunju hana kosa lolote, na muuza bunju anayewatukana wapita njia kwamba ni wapoteza muda atakesha na barafu lake likiyeyuka.

Najua vijana wa kijiweni wamekwisha kuuliza hilo Stagea linaweza kufika Mafia kwa bei gani, kwa hiyo nawapa hesabu na wao wajipe majibu. Gari likifika bandarini Dar es Salaam, kila shilingi 100 ya thamani yake na nauli ya meli inaongezwa 25 za ushuru wa forodha. Juu ya jumla hiyo kuna asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa kwa sababu injini imezidi sentimita za ujazo 2000, na juu ya yote VAT ya asilimia 18. Mia imekuwa mia na sitini na mbili na ushee, na bado hatujagusa ushuru wa ziada wa uchakavu, maana gari hili limepita miaka 10 zamani za kale. Kisha literemke hadi Nyamisati, likae kwenye kivuko mpaka Kilindoni, lifurahie lami ya kwenda Utende kwa dakika chache, halafu ligeukie kwetu kwenye mchanga, likiwa na kandambili moja ya nafasi kati ya tumbo lake na dunia.

Probox nzuri ikionekana nitaandika. Na yule mwenye mashua aliyetuma kuuliza kama ile injini ya turbo mbili inaweza kufungwa tezini, mwambieni inawezekana. Kabla hajaifunga, aniandikie jina la mtu atakayeinunua baada yake.

Wenu mtiifu, huku baridini.