Kanda ya Jumanne

Ukitaka kujua kama ofisi ina bekapu, usiulize kama ina bekapu. Utajibiwa "ipo" na kila mtu, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini. Uliza hivi: mara ya mwisho mlirudisha faili kutoka humo lini? Hapo ndipo wenye ofisi wanapokumbuka kwamba wana kikao.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Gitega. Tangu mji wetu ufanywe makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, ofisi zimekuwa zikipanda mlima kutoka Bujumbura na makabati, viti vya kuzunguka, na vyombo ambavyo kule ziwani vilishasahauliwa. Katika mnada wa vyombo vya namna hiyo nikajinunulia mashine ya kusomea kanda, LTO ya kizazi cha 3, yenye feni inayopiga kelele hata ikiwa haina kazi. Mafundi wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Leo mtu akitokea na kanda mkononi, ni haohao wanaomwonyesha njia ya kwangu, na wanataka kamisheni.

Mteja wa safari hii ni shirika moja la kahawa la Muyinga, ambalo jina lake nimelifungia kabatini. Jumatano moja mchana, mvua ikinyesha, radi iliunguza seva yao pamoja na mashine ya kanda iliyounganishwa nayo. Ndani ya seva mlikuwa na kilo za kila mkulima wa msimu uliopita, na pia pesa ambazo kila mkulima alikopeshwa kabla ya mavuno. Msimu mpya ulikuwa unabisha hodi. Bila orodha ile, kila mkulima angekumbuka kilo alizoleta, tena kwa ukarimu, na hakuna hata mmoja ambaye angekumbuka mkopo.

Kilichowabakia ni kanda. Mhasibu wao, mama mmoja makini sana, alikuwa akizibadilisha kila jioni kwa imani ya mtu aliyevaa hirizi: hajui ndani kumeandikwa nini, ila hawezi kulala bila kuigusa.

Kanda zilikuja Gitega kwa Probox, kupitia Karuzi, zikisindikizwa na mzee wa stoo. Alinipigia simu aliposhuka: "Mwanangu, zimefika salama, hakuna hata moja iliyobonyea." Nilimshukuru Mungu mapema mno. Alikuwa anazungumzia parachichi, zawadi yangu kutoka kwa mhasibu, ambazo alizipakata njia nzima. Kanda zilikuwa chini miguuni, kwenye mfuko wa plastiki, na abiria wawili walikuwa wamezikanyaga kwa zamu. "Si ni plastiki tu," akasema mzee. Kwa kweli kasha la LTO ni gumu kuliko linavyoonekana, lakini humo ndani mna utepe wa mita 680, upana wake haufiki milimita 13, umekunjwa kwenye gurudumu moja. Sikumwambia. Alikuwa amechoka, na parachichi zilikuwa nzuri.

Kazi ya kurudisha faili tulimpa kijana anayejifunza kwangu. Chombo chenyewe ni programu ya tar, iliyotoka mwaka 1979 pamoja na toleo la 7 la Unix kwa kazi hii hii ya kanda. Haina madirisha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri, unabonyeza ingiza, unasubiri. Ikikubali, inanyamaza. Ikikataa, inakueleza sababu kwa maneno ambayo ni kweli tupu na hayasaidii kitu.

Kwanza lakini ilibidi tupatane na kibodi. Kibodi zetu Burundi ni za Kifaransa, na hilo lingekuwa jambo dogo kama Kifaransa cha kibodi kingekuwa kimoja. Ziko za Ufaransa na ziko za Ubelgiji. Kwenye ya Ufaransa kistari kinakaa kwenye namba 6. Kwenye ya Ubelgiji kimehamia mwisho wa mstari, karibu na kitufe cha kufutia. Yetu ilikuwa ya Ubelgiji, na Linux ya dharura tuliyoiwasha kutoka kwenye flashi inaamini kwamba dunia nzima inaandika Kimarekani. Kijana akataka kuirudisha kanda mwanzo. Akaandika, herufi kwa herufi, akitazama vidole vyake:

mt -f /dev/nst0 rewind

Kwenye skrini pakatokea:

;t =f >dev>nst) rezind

Kompyuta ikamkemea kuhusu ile nukta-mkato. Akafuta, akaandika tena polepole, na kwa heshima zaidi. Ikatokea vilevile. "Shefu," akaniambia, "hii mashine imelewa." Haikulewa. Dawa ipo, ni amri moja tu ya kuitambulisha kibodi kwamba ni ya Ubelgiji. Tatizo ni kwamba amri hiyo nayo sharti uiandike kabla haijatambulishwa. Kwa hiyo, ili upate loadkeys be-latin1, vidole vyako vinabonyeza vitufe vilivyoandikwa loqdkeys be)lqtin&. Nimeibandika karatasi hiyo ukutani. Wateja wanadhani ni nywila ya intaneti, wanaipiga picha kwa siri.

Radi ilipiga Jumatano mchana, maana yake bekapu ya mwisho ni ya Jumanne usiku. Kanda zenyewe ziliandikwa siku kwa Kifaransa kwa kalamu nyekundu, Lundi hadi Vendredi, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista. Kijana akachukua ya Jumanne, akaisukuma ndani. Mashine ikaipokea, ikanguruma, ikafikiri kidogo, kisha ikaitema. Akairudisha. Ikaitema. Nikaigeuza kuitazama ubavuni, chini ya karatasi nyekundu. Ilikuwa kanda ya kusafishia.

Kwa wasiozijua: kila mashine ya LTO ina kasha la kusafishia, umbo lake sawa na la kanda za data. Ndani hamna nafasi ya kuandika faili, kuna utepe wa kusugua kichwa cha kusomea. Linaingia, linasugua kwa dakika chache, linatoka. Linatumika hadi mara 50 hivi, kisha mashine inalikataa. Ukilitumia kila Jumanne, mwaka hauishi limekwisha.

Nikampigia mhasibu.

"Mama, shikamoo. Kanda ya Jumanne mliitoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ilikuja ndani ya boksi la mashine."

"Na ilikuwa inafanya kazi?"

"Sana! Nyingine zilikuwa zinanikalisha mpaka magharibi. Hiyo ya Jumanne, nikiiweka tu inatoka. Tukajua Jumanne kazi ni chache."

Nikamuuliza kama hakuna ujumbe wowote uliotokea. Akasema ulikuwa unatokea kila Jumatano asubuhi, kwa Kiingereza, naye alikuwa anaufunga vizuri. Mashine yao, mpaka radi inaichukua, ilikuwa safi kuliko ofisi nyingi ninazozijua.

Ikabaki ya Jumatatu. Kabla ya kuiingiza nilisukuma kile kidude kidogo cha ubavuni kinachozuia kuandika, na hapa nina jambo na waliobuni tar. Herufi x inatoa faili kutoka kwenye kanda. Herufi c inaandika mapya juu ya yaliyomo. Sasa tazama kibodi yoyote, ya Ufaransa, ya Ubelgiji au ya Marekani: x na c ni majirani, mlango kwa mlango. Ukidonoa pembeni kidogo, mwaka mzima wa kahawa umekwenda, kwa sababu kanda ikishaandikwa mwanzoni, mashine haikubali tena kusoma yaliyokuwa mbele. Nani aliweka ufunguo na kiberiti kwenye mfuko mmoja?

Kisha nikatoka kutafuta mafuta ya jenereta. Waliokuwa Burundi miaka hii wanajua kwamba sentensi hiyo ni safari. Niliporudi nilimkuta kijana ameinamia skrini, macho mekundu, na kwenye diski mna picha za harusi. Mamia. Bibi harusi anashuka garini, bibi harusi anakata keki, wajomba wamejipanga. Folda ya kwanza picha za harusi, ya pili picha zilezile, na ya tatu hizohizo.

Kilichotokea ni herufi moja. Mashine ya kanda kwenye Linux ina majina mawili. Ukiiita nst0, kila amri ikiisha kanda inabaki ilipofika. Ukiiita st0, kila amri ikiisha kanda inajirudisha mwanzo. Bekapu ya Muyinga iliandikwa kwa mafungu: la kwanza folda ya mkurugenzi, la pili muziki wa ofisi (usiniulize), la tatu hesabu za wakulima. Kijana alikuwa anaamuru kanda iruke mafungu mawili, nayo inaruka kwa utii, halafu amri ikiisha inarudi mwanzo. Anasoma: harusi. Anarusha tena, anasoma: harusi. Alikuwa ameshahudhuria sherehe ile kutwa nzima bila hata Fanta.

Tukaongeza ile n. Wakati huohuo simu ikaita.

"Kaka, mmefika wapi?" Sasa ni mkurugenzi mwenyewe.

"Tunapita fungu la pili, shefu."

"Hesabu ziko la ngapi?"

"La tatu."

"Basi anzeni na la tatu!"

Nilimweleza kwamba utepe hauna njia ya mkato. La tatu liko nyuma ya la pili, na la pili ni muziki mwingi sana. Akauliza muziki huo nani aliuweka. Nikasema kanda haisemi.

Fungu la tatu lilipofikiwa, tar ikajibu kwamba haiwezi kupata memori. Mkurugenzi, ambaye hakuwa amekata simu, akasema memori atanunua, nitaje bei. Hapakuhitajika hata senti: fungu hilo liliandikwa kwa vipande vikubwa kuliko vile tar inavyotarajia, ikabidi tuiambie ifungue mdomo zaidi, -b 512. Ikafungua. Kisha ikasema haioni folda tunayoitaka.

Hapo kosa lilikuwa la uraia mwema. Mwaka 2025 mikoa ya nchi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na Muyinga ikaingia mkoa mpya wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Kijana, anayesikiliza redio, akaomba folda ya Buhumuza. Lakini folda za seva ile hakuna aliyezibadilisha jina. Kwa kanda yetu Muyinga ilikuwa bado mkoa kamili wenye gavana wake, na tar haina habari ya kukisia ulichokusudia. Ukikosea herufi moja ya njia ya faili, inakuambia haimo, hata kama imo na inakutazama. Mkurugenzi aliposikia hivyo akaomba tuirudishe orodha ikiwa na jina jipya la mkoa, isije ikaonekana ofisi imechelewa. Nikamwambia kwanza tuione ya zamani.

"Fundi," akasema, "siku hizi watu wanaweka vitu vyao hewani. Ninyi bado mnazungusha kanda?"

Nikamkumbusha Februari 2011, watu wa Gmail walipoamka wakakuta barua zao zote hazipo. Google walisema ni kama asilimia 0.02 ya watumiaji. Nakala za kwenye vituo vyao vingine ziliguswa na hitilafu ileile ya programu. Zilizookoa barua zile ni kanda, kwa sababu zilikuwa zimekaa pembeni bila kuunganishwa na kitu.

Akanyamaza kidogo. "Na wao kibodi yao ni ya Ubelgiji?"

Umeme ulikatika mara tu baada ya hapo, na jenereta ikala mafuta niliyoyapangia foleni. Mashine ya kanda ikizimwa katikati haiharibu chochote, ila inaanza tena kwa kujitafuta: inavuta utepe mbele, inaurudisha, inauvuta, mpaka unaanza kuhisi kwamba kosa ni lako. Kompyuta yetu nayo ni ya zamani, haimezi kwa kasi ambayo kanda inatema, megabaiti 80 kwa sekunde, kwa hiyo utepe ulikuwa unasimama, unarudi hatua, unaanza upya. Mzee wa stoo, aliyekataa kurudi Muyinga bila faili, alikaa kwenye kiti cha wateja akisikiliza, akawa anatutangazia: "Inakwenda... inarudi... inakwenda."

Folda ya mavuno ilikuwa na é kwenye jina. Iliandikwa na mashine ya zamani, na tar ikaionyesha kama R\351coltes. Kijana alitaka kuanza kuandika hizo namba. Nilimzuia, tukatoa fungu zima, yenye é na isiyo na é, tukachagua baadaye.

Usiku orodha ikatoka. Kilo zimo, mikopo imo, kila mkulima na jina lake. Ilikosa ya Jumanne yote na Jumatano asubuhi, ambayo mhasibu alikuwa na risiti zake kwenye droo. Tukapakia kila kitu kwenye diski, mzee akaiweka mfukoni kifuani, na kanda akazibeba mkononi, safari hii juu ya parachichi.

Kesho yake mkurugenzi alinipigia kunishukuru, kwa sauti ya mtu aliyeguswa. Nilimsikiliza nikifurahi, mpaka nilipoelewa kwamba anazungumzia picha. Mkewe alikuwa amezitafuta tangu simu yake iibiwe. Hesabu? Ah, hesabu ziko kwa mhasibu.

Mhasibu naye akapiga jioni. Alikuwa amekagua majina yote, sawasawa. Bajeti ya mashine na kanda mpya imepita, akanisomea orodha ya manunuzi nimhakikishie kama iko sawa: kanda za data nne.

"Nne, mama? Siku za kazi ni tano."

"Hiyo ya Jumanne tumeamua kubaki nayo, mwanangu," akasema. "Ndiyo pekee ambayo haijawahi kutusumbua."