Hema Katikati ya Mahindi: Mwongozo kwa Wanaotaka Kulipia Usingizi Mbovu

Kwanza, usimwambie shangazi. Mtu aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka chini ya turubai, akingoja jina lake litoke ubaoni ili apande ndege aje Des Moines, Iowa, hawezi kuelewa kwa nini mtoto wa kaka yake, mwenye kitanda na kiyoyozi, analipa dola ili akalale hemani. Mwambie una safari ya kikazi.

Ukitoka mjini utaona ardhi tele na utadhani imebaki kuchagua tu. Iowa ni mali ya watu binafsi kwa zaidi ya asilimia 95. Sheria ya mwaka 1785 iliikata nchi hii miraba ya maili moja moja, barabara zikafuata mistari hiyo hiyo: kila maili njia panda, na kila njia panda mahindi. Shamba kukosa ua si kukosa mwenyewe. Ukivuka kusini hadi Missouri, mti uliopakwa rangi ya zambarau hukufukuza kisheria kama kibao cha marufuku kuingia.

Wengi hukimbilia hifadhi za jimbo, nafasi zenye umeme. Fanya hivyo kama unapenda kulala katikati ya magari marefu kuliko nyumba uliyozaliwa, viyoyozi vikiunguruma kutwa kucha na jirani akitazama mpira kwenye televisheni ya nje. Kama hupendi, uliza mahali gari lisikofika. Kule Yellow River State Forest, kaskazini-mashariki mwa jimbo, kuna sehemu za kulala zinazofikiwa kwa miguu tu, na mita chache za kupanda mlima na begi mgongoni huchuja watu kuliko bei yoyote.

Usizidharau bustani za kaunti. Iowa ina kaunti 99, kila moja na bodi yake ya hifadhi. Mara nyingi mlinzi humwoni: unakuta bahasha ndani ya kisanduku, unaandika namba ya gari, unatia noti, unaidumbukiza kwenye bomba la chuma. Beba noti ndogo. Bomba halirudishi chenji.

Halafu kuna bustani za miji midogo, ambazo baadhi huruhusu hema. Nyasi fupi, maji ya bomba, meza ya mbao, utajiona mjanja. Ila miji hii mingi ilizaliwa na reli, na reli bado ipo. Saa nane za usiku inapita treni ya mizigo. Sheria inamtaka dereva apige honi kila reli inapokatana na barabara: ndefu, ndefu, fupi, ndefu, kwa kishindo kisichopungua desibeli 96 mita 30 mbele ya treni, na ile ya mwisho ashikilie mpaka kichwa cha treni kiingie barabarani. Mji wenye makutano matatu hupigiwa mara tatu. Kwa hiyo hesabu makutano kabla ya kuhesabu vigingi.

Nusa pia. Nguruwe wa Iowa wanazidi milioni 20, watu ni milioni 3 na ushee. Kwenye picha za setilaiti mabanda yao ni mapaa marefu meupe yaliyolala sambamba. Jua upepo unatoka wapi, maana jioni huwa mstaarabu, usiku hubadili mawazo.

Ukingo wa mto ndio mahali pazuri kuliko pote, na ndiyo maana pamebaki wazi. Tazama juu: majani makavu na chupa vilivyonasa kwenye matawi vinakuonyesha maji yalifika wapi. Na ujue choo cha zege kiko wapi kabla ya kujua kijito kiko wapi, maana dhoruba ikija ndicho kimbilio lako. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo uliozidi kilomita 160 kwa saa uliyalaza mahindi ya Iowa chini. Hema lako la dukani lingefika Illinois bila wewe.

Kuni nunua pale pale. Za nyumbani husafirisha wadudu waliokwisha kuangamiza miti mingi ya huku.

La mwisho ni kupe, hasa ukielekea Missouri. Yupo mmoja, jike lake lina doa jeupe mgongoni, ambaye akikuuma anaweza kukuachia mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Chomeka suruali ndani ya soksi, jikague hadi makwapani. Ukichelewa, kuku na samaki bado ni halali yako.