Njoo na Mbuzi

Mimi ni mtu wa Nzega. Kwetu majani ya kunde yaliyokaushwa huitwa nsansa, huungwa kwa karanga, na hayo nimeyala tangu utotoni. Nazi nimekutana nayo ukubwani, nilipopangiwa kufundisha hisabati Korogwe na kuoa binti wa Kizigua kutoka Handeni. Naomba basi haya nitakayosimulia watu wa Tanga wasibebeshwe.

Mkasa ulianza tarehe 20 ya mwezi, siku ambazo mwalimu akifika usawa wa bucha huvuka barabara. Mke wangu alikuwa safarini, nikataka arudi akute chakula. Nikanunua kisamvu kilichokwisha kutwangwa pale soko la Manundu. Mama muuzaji akanishauri: "Tia magadi kidogo, kilainike." Hesabu zangu zote hazikunisaidia kukadiria hiyo kidogo. Nikatia konzi nzima. Kisamvu kikawa kijani cha jezi ya Yanga, kikalainika hata mwiko ukakosa kazi. Mke wangu akaonja kijiko kimoja, akanyamaza, akaenda kusukutua. Kilikuwa sabuni. Kisha nikamsikia anapiga simu Handeni, kwa bibi yake.

Bibi huyo ananiita mume wangu, na mjukuu wake anamwita mke mwenza. Juu ya hayo, Wazigua na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo ana leseni mbili za kunisimanga na zote anazitumia.

"Mume wangu," alisema, "nasikia unamlisha mke mwenzangu sabuni. Jumamosi njoo nikufundishe kuunga mboga. Nyama sitaki kuiona. Lete nazi tatu, na mbuzi. Mbuzi yangu imezeeka, meno yamekwisha."

Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, nilipomsimulia baadaye, alinisimamisha hapo hapo. Bibi alisema yangu, hakusema wangu. Alisema imezeeka. Ngeli ilikuwa imenipa jibu lote, mimi nikadhani ni lafudhi ya Kizigua. Nikamhurumia yule mnyama kibogoyo, na kwa kuwa nyama haitakiwi, nikaelewa kwamba bibi anataka wa kufuga. Nikakopa, nikanunua jike, tena zuri.

Korogwe hadi Handeni ni kilometa 65 za lami. Siku hiyo ziliongezeka. Konda alinitoza nauli ya mzigo, halafu mbuzi alipoanza kulia akasema huo si mzigo tena, ni abiria. Abiria wa nyuma akalalamika kwamba gunia lake la mchele limelowa. Nikainama kumtuliza mnyama, nazi zikaponyoka na kubingirika hadi miguuni kwa dereva. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Wote walijua ni ukweni.

Nilimkuta bibi kivulini, anachambua mchunga kwenye ungo. Nikamwamkia. Hakuitikia. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akamrudia mbuzi.

"Mume wangu, huyo naye atakuna nazi?"

Watoto wa jirani walianguka chini kwa kicheko. "Babu zako," akaendelea, "walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, wala hawakukosea mzigo. Wewe nimekutuma kigoda chenye kipande cha chuma!"

Wakati tunachekwa, mimi na mbuzi, mwenzangu alikuwa ameufikia ungo. Mchunga ni mchungu. Wengi huuchemsha wakamwaga maji ya kwanza ndipo wauunge. Yeye hakungoja taratibu hizo. Aliumaliza mbichi.

Bibi akageukia mihogo nyuma ya nyumba, na mbuzi akamfuata. Hapo utani ulikoma. Alimfukuza kwa fimbo, kwa sababu jani bichi la muhogo lina sumu ya sianidi na laweza kumuua mbuzi. "Sisi tuna kinu," akasema, akanikabidhi mchi. Nilitwanga majani na vitunguu saumu mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Kutwanga kunalipasua jani na kuiachia sumu, kisha moto unaitoa pamoja na mvuke, ndiyo maana alinipiga kofi mkononi nilipotaka kufunika sufuria. Magadi nilipoyataja, alisema hayo ni ya watu wenye haraka.

Mbuzi yenyewe tuliazima kwa jirani. Nikaikalia, nikakuna, nikajikuna na kidole. Kisamvu kilipoiva na kuacha harufu ya ubichi, liliingia tui la pili, pamoja na vitunguu maji na ngogwe. Tui zito likaja mwisho kabisa. "Koroga, usinitazame mimi!" maana ukiliacha lichemke peke yake linakatika, na mboga inakuwa maji upande mmoja, mafuta upande mwingine.

Tulikula na bada, ugali wa muhogo. Miaka yote nilidhani mboga ya majani hukaa sufuriani ikisubiri nyama ije kuiokoa. Siku hiyo nilikula sahani tatu, ya nne nikaiona aibu, ukweni.

Mbuzi yule alibaki Handeni, na sasa ana watoto wawili. Mbuzi ile nimeinunua Manundu, ipo nyuma ya mlango wa jiko letu, na meno yake bado makali.