Mkanda, Manjano na Sabuni ya Mche

Baba Nasra ana daftari la matumizi lisilopitwa na kitu humu ndani, kuanzia luku hadi nauli ya bodaboda. Mwaka jana lilipata ukurasa mpya: KARATE. Juu kabisa aliandika ada ya mwezi, shilingi 25,000, akaipigia mstari kwa bashasha. Mtoto anafanya mazoezi jioni, anafundishwa nidhamu, hazururi mtaani. Kwa hela hiyo nani angekataa?

Ukurasa ukaanza kujaa. Ikaja gi, yale mavazi meupe, tukanunua kubwa ya kukunja mikono na miguu ili imfae hata mwakani. Kikaja kiingilio cha uanachama. Zikaja glovu na kinga ya meno, maana wakifika kwenye kumite, pale wanapopambana wawili wawili, hakuna tena habari ya mikono mitupu. Halafu ukaja mtihani wa mkanda: 40,000. Humo mna cheti na mkanda wenyewe, na ukifeli hela hairudi.

"Mama Nasra," akaniambia huku kalamu ikining'inia mdomoni, "hii karate au chuo kikuu?"

Nilimtetea sensei, mwalimu wao, na bado namtetea. Mchana ni fundi umeme, jioni anakodi ukumbi wa shule ya msingi kwa hela yake. Ada ameiweka chini ili wazazi tusikimbie, na pengo analiziba kwa mitihani. Mimi ningependa atuambie yote siku ya kwanza, tulie mara moja tumalize. Lakini najua vilevile kwamba angetuambia, ukumbi ungebaki na watoto watatu.

Baba Nasra hakuridhika, akaenda kumuuliza mwenyewe rangi zote hizi nani alizileta. Alirudi na historia nzima. Mkanda mweusi ulianza kwenye judo, kwa wanafunzi wa Jigoro Kano, aliyeianzisha Tokyo mwaka 1882. Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliazima utaratibu wa Kano akatoa dan za kwanza, yaani ngazi za mkanda mweusi, mwaka 1924. Zile rangi za katikati, njano, chungwa, kijani na nyinginezo, zilishamiri Ulaya, hasa baada ya Mikonosuke Kawaishi kufundisha judo Paris miaka ya 1930 na kuwapa wanafunzi wake ngazi fupifupi ili wasikate tamaa njiani.

"Kumbe Wafaransa ndio wanaokula hela zangu," akahitimisha, akafunga daftari.

Kilichomtesa zaidi ni hesabu. Kyu, yaani ngazi za kabla ya mkanda mweusi, zinahesabiwa kurudi nyuma: Nasra alikuwa wa tisa, akifaulu awe wa nane, na kuendelea hadi wa kwanza, ndipo dan zianze kupanda. Kulipa ili namba ishuke ni jambo ambalo mume wangu, karani wa stoo maisha yake yote, hajalikubali hadi leo.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Alikaa barazani akisikiliza mabishano haya bila kutia neno, mpaka lilipotajwa lile la mkanda wa njano kwa elfu arobaini.

"Utepe wa kitambaa?" akauliza. "Mwanangu, mimi nimetia rangi ukili tangu sijavunja ungo."

Tulicheka tukadhani yameishia hapo. Alhamisi, mimi nikiwa kazini, aliuchukua mkanda mweupe wa Nasra, akatwanga manjano, akatia chumvi, akauchemsha kwenye sufuria yangu ya wali. Niliporudi ulikuwa unaning'inia kwenye kamba, wa njano iliyoiva kiasi kwamba hata mimi niliupenda. Sufuria nayo ilikuwa ya njano, na mwiko, na kucha za mama.

Nasra aliangua kilio. Si kwa ajili ya rangi tu. Wakubwa wa ukumbini walikuwa wamempa ile hadithi tamu kwamba zamani mkanda haukufuliwa, ukawa mweusi wenyewe kwa jasho na miaka, naye alishapiga marufuku maji kuugusa. Sasa ulikuwa umechemshwa.

Yule dada anayetusaidia kazi za nyumbani alimwonea huruma. Ijumaa asubuhi aliutia mkanda kwenye beseni, akaupaka sabuni ya mche na kuanza kuufikicha. Nilisikia ukelele, nikatoka mbio. Mkanda ulikuwa mwekundu. Si wekundu wa kubahatisha, wekundu wa damu ya mzee, na povu lake pia.

Manjano hayapatani na sabuni: yakikutana na magadi au kitu chochote cha namna hiyo hugeuka rangi. Mama mkwe alilijua hilo, ila hakuna aliyemuuliza. Baba Nasra yeye alikuwa na habari nyingine, maana sensei alimpa somo lote. Mkanda mwekundu kwenye judo ni wa dan ya tisa na ya kumi, na baadhi ya vyama vya karate vinafuata hivyohivyo.

"Mwanangu amepanda vyeo vyote kwenye beseni," akasema, "na sijalipa hata senti."

Mama aliagiza malimau. Akakamua, akasugua, wekundu ukaondoka na njano ikarudi, ila kwa madoa, hapa kolevu, hapa hafifu. Weupe ndio haukurudi. Na mtihani ulikuwa Jumamosi, na anayeutafuta mkanda wa njano lazima asimame mbele ya watahini akiwa na mweupe. Jioni hiyohiyo Baba Nasra alipanda daladala hadi Kariakoo kununua mwingine. Daftarini aliandika: mkanda mweupe (wa pili), nauli, malimau.

Nasra alifaulu. Alifanya mfululizo wake wa mapigo, Heian Shodan, bila kukosea hatua, akageuka vizuri, akapiga kelele ya kiai iliyomshtua bibi yake kwenye benchi. Baadaye mama mkwe alimfuata sensei akamtolea kwenye pochi ule mkanda wa madoa. Yule bwana aliucheka mpaka akakaa chini. Halafu akaushika vizuri, akautazama mshono, akauliza kama bibi ana cherehani.

Anayo. Siku hizi hanunui manjano, ananunua drili yenye rangi yake tayari, anashona mistari kwa urefu, na mikanda ya mitihani yote ya ukumbi ule inatoka barazani kwetu kwa bei ambayo sensei anasema imempunguzia mzigo. Hiyo hela haiingii kwenye daftari. Baba Nasra alijaribu bahati yake mara moja, mtihani wa rangi ya chungwa ulipokaribia, akamwambia mama yake kwamba huu wa mjukuu, bila shaka, ni wa bure.

"Lete hela," mama akamjibu bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Wazazi wenzako wameshalipa."