Wasindiyo na Ndugu Zao: Uainishaji wa Awali Kutoka Pangani

Pangani inayozungumzwa hapa ni kata ya Halmashauri ya Mji Kibaha. Si ile ya Tanga yenye mto, wala ile ya Nairobi. Maelezo hayo kila mkazi wetu huyatoa kabla hata hajataja jina lake, na ndiyo maana utafiti huu usingeweza kuanzia kwingine. Aliyekulia mahali panapohitaji kuthibitishwa kila siku humtambua kwa mbali binadamu mwenye shida hiyohiyo.

Data zilikusanywa kwenye benchi la kijiwe cha bodaboda, chini ya mwembe, kwa mbinu ya kukaa tu. Katika kuainisha tunamfuata Carl Linnaeus, Mswidi aliyeipanga mimea kwa majina mwaka 1753. Uswidi ilikuwa miongoni mwa nchi za Nordiki zilizoanzisha kituo ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha, kwa hiyo mbinu yake tunaihesabu kuwa mali ya nyumbani. Kwa upande wa majina, BAKITA ipo tangu 1967, lakini ina kazi nyingi. Tumeisaidia bila kuombwa.

Spishi ya kwanza: Msindiyo (wa-). Jina limetokana na wimbo wake. "Hii njia inatokea Maili Moja, si ndiyo?" Njia anaijua, kazaliwa kando yake. Habari haitaki, anataka kichwa cha mwenzake kiiname kidogo. Dereva mmoja mwenye subira siku hizi humwitikia kwa honi.

Spishi ya pili: Kiupoupo (vi-). Kiswahili kikitaka kutaja hali isiyotulia hurudufu shina na kulivika ki-: kiherehere, kimbelembele, kizunguzungu. Kibaha urudufu hatuuonei ugeni. Kata mbili za mji wetu zinaitwa Viziwaziwa na Misugusugu. Kiupoupo hutuma ujumbe "Upo?" saa mbili asubuhi. Ukijibu "Nipo", hana la zaidi. Saa nne anarudi. Benchi liligombana: tuseme "kiupoupo kimekuja" au "amekuja"? Sarufi ikaamua. Kama kilivyo kiongozi na kipofu, chenye uhai huchukua a-. Anasumbua, lakini ni mtu.

Spishi ya tatu: mgonjwa wa UTIBU, yaani Ugonjwa wa Tiki za Bluu, jina lililofupishwa kwa mtindo wa UKIMWI na UVIKO. Dalili: ujumbe umesomwa, jibu halijaja. Dakika ya tano anaandika, "Au nimekukosea?" Dakika ya saba, "Basi yaishe." Dakika ya kumi anajitoa kwenye kundi la familia. Mpokeaji alikuwa anakaanga samaki. Uzuri wa jina hili ni kwamba lenyewe linaomba dawa.

Spishi ya nne: Mpimapenzi (wa-), binamu wa kipimajoto, ila huyu hupima hata pasipo homa. "Mume wangu, ningekuwa sina meno ya mbele, ungenioa?" Jibu sahihi ni moja, na litoke kabla swali halijaisha. Ukivuta pumzi, umeshafeli.

Tulidhani kazi imekwisha, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akisubiri usafiri alipoingilia. "Wanangu, hao tulikuwa nao tangu zamani. Ila zamani walishibishwa mlangoni."

Tukamwelewa taratibu. "Hujambo" maana yake ni kwamba huna jambo. Aliyeitamka kwanza alitaka kujua kweli. Kisha zinafuata habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za tangu jana. Hodi hupigwa hadi mara tatu, na karibu yake huitikiwa kwa sauti. Kwa utaratibu huo, hadi jua linachomoza vizuri, kila mtu alikuwa ameshahakikishiwa mara kumi kwamba yupo na anajaliwa. Sisi tumeipunguza dozi, tukabakiza "Mambo?" na "Poa." Poa hiyo moja anapewa mwenye harusi, mfiwa na aliyepoteza kuku.

Hivyo ikabidi iongezwe spishi ya tano: Mpoaji (wa-), kutoka poa, kama mwimbaji kutoka imba. Haombi neno wala hatoi neno. Alikaa bila jina muda wote kwa sababu hapigi kelele, kumbe alipo yeye, wasindiyo huota kama uyoga baada ya masika. Benchi limeazimia awekwe juu kabisa ya jedwali, maana ndiye mzazi wa wengine.

Azimio halijakauka wino, msindiyo wetu akapita. "Shati limenikaa, si ndiyo?"

Watafiti wote tukainua macho kwenye simu. "Limekukaa hasa. Na rangi imekupenda. Nyumbani hawajambo?"

Akasimama, akajibu habari za nyumbani zote, akaenda zake. Hakuuliza tena hadi magharibi. Jaribio moja halithibitishi kitu, kesho tutalirudia.