Viti vya Mbele kwa Mama Wakwe

Sisi wa Mwanza hatujui kutazama mchezo wa kuigiza tukanyamaza. Tukilipa kiingilio, tunajihesabu wazee wa baraza.

Majuzi kikundi kimoja cha hapa mjini kiliigiza kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyekimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Bugonoka hajajaliwa mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga, wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume akimtaka mkewe, atozwe faini ya pombe ya ndizi.

Tiketi alikata mume wangu. Siku yenyewe ikaangukia mechi ya Simba na Yanga, basi nikakabidhiwa mama yake, mgeni wetu kutoka Sengerema.

Masimango yalipoanza jukwaani, mama mkwe akasonya. "Mawifi gani hawa wasio na haya!" Sauti ilifika Kamanga bila kupanda kivuko. Nikainamia pochi yangu. Asubuhi ile ile alikuwa ameniuliza mjukuu wa pili amekwama wapi, na daraja la Busisi limeshafunguliwa.

Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na wadudu wa ziwani wakafuata taa. Bugonoka akafumbua kinywa alie, akameza kundi zima. Akakohoa mpaka kilemba kikamdondoka. Mama mmoja akapanda jukwaani na chupa ya maji, akampigapiga mgongoni, akamwambia, "Mwanangu, kwa huyo bwana usirudi." Ukumbi ukapiga vigelegele.

"Mama, lazima arudi, kitabu ndivyo kinavyosema," Myombekere akalalamika.

"Basi faini iongezwe!" mama mkwe akadakia. Baba mkwe wa jukwaani, kijana mwenye ndevu za pamba, akatutazama, akaongeza. Mitungi ikawaishia. Myombekere akaenda mlangoni kuleta dumu la maji ya kunawa, akalilipa hilo hilo, ndipo akaruhusiwa kuondoka na mkewe.

Nyumbani tulimkuta mume wangu kajinyoosha kwenye kochi. Mama yake akamsomea hukumu akiwa bado mlangoni: sato wawili wakubwa, awanunue mwenyewe, awapare magamba mwenyewe. Habari za mjukuu hazikutajwa.

Wenye kikundi, mkirudia mchezo huu, mama wakwe wapeni viti vya mbele. Viingilio vyao tutalipa sisi.