Hongereni kwa Kuchelewa: Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa wa Albany

Kwa Maseneta 63 na Wajumbe 150 wa Bunge la Jimbo la New York, Albany.

Waheshimiwa, shikamooni.

Nawaandikia kuwapongeza. Najua hamjazoea. Kila mwaka, kuanzia Aprili mpaka kikao kinapofungwa mwezi Juni, barua mnazopata ni za lawama tu: bajeti iko wapi, muswada wetu umekwama wapi, simu zetu mbona hazipokelewi. Mimi ni mlipa kodi wenu, mzaliwa wa Tanga, na kwetu mtu haingii barazani kwa watu na kuanza kugomba. Husalimia kwanza, akasifu kilichopo, halafu ndipo aseme lililomleta.

Cha kusifu kipo. Majimbo mengi ya Marekani yanaanza mwaka wa fedha Julai 1. Ninyi mnaanza Aprili 1, siku ya wajinga duniani, siku pekee katika mwaka ambayo mtu akivunja ahadi anaambiwa alikuwa anatania. Aliyechagua tarehe hiyo alikuwa anawajua wajukuu zake. Baada ya 1984 mlikaa miaka 20 mfululizo bila kupitisha bajeti kwa wakati, mpaka 2005 mlipoteleza mkawahi. Mwaka 2004 mlifika Agosti 11. Mwaka 2010, Agosti 3. Na mwaka 2025, bajeti ya dola bilioni 254 mliimaliza Mei 8, wakati mwaka wenyewe wa fedha umeshakula zaidi ya mwezi mzima. Katikati mkawa mnapitisha bajeti za dharura za siku chache chache ili watumishi wa jimbo wapate mishahara.

Mishahara yao, lakini si yenu. Hapo nawavulia kofia. Tangu 1998 sheria yenu inasema bajeti ikichelewa, mbunge halipwi. Mwananchi akisikia hivyo anafurahi: kumbe wanaumia! Asichoambiwa ni kwamba bajeti ikishapita, malimbikizo yote yanalipwa. Ni kama mtoto aliyeambiwa hali mpaka amalize kufua, halafu akimaliza usiku anapakuliwa chai, chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja. Na chakula chenyewe si haba. Desemba 2022, siku chache kabla ya Krismasi, mliitana kikao maalumu mkajipandishia mshahara kutoka dola 110,000 hadi 142,000 kwa mwaka, mkawa wabunge wa jimbo wanaolipwa vizuri kuliko wote Marekani. Kikao hicho, kwa kumbukumbu zangu, hakikuhitaji kuongezewa muda.

Sasa lililonileta.

Watu wanadhani mnachelewa kwa uvivu. Mimi nawatetea. Mwaka 2004 mahakama yenu ya juu iliamua kwamba gavana ndiye mwenye kisu kwenye bajeti: yeye anaandika, ninyi mnaweza kukata au kupunguza, lakini hamwezi kuyaandika upya maneno yake. Basi kila gavana anayekuja anajifunza haraka kwamba sheria yoyote ngumu, hata kama haina uhusiano na fedha, aifunge ndani ya bajeti. Mwaka 2025 Gavana Kathy Hochul alifunga humo masuala ya ushahidi ambao waendesha mashtaka wanapaswa kumpa mshtakiwa, ya kuwalaza wagonjwa wa akili hospitalini bila ridhaa yao, na ya simu za wanafunzi mashuleni. Ninyi, mkiwa hamna kalamu, mmebaki na saa ya ukutani. Mnaikalia mpaka achoke. Naelewa kabisa. Ningekuwa mimi ningeikalia vilevile.

Nisichoelewa ni kwa nini, baada ya kuikalia mwezi mzima, hamsomi.

Katiba ya jimbo lenu inataka muswada uwe mezani kwa mbunge siku 3 kabla ya kura. Ni kifungu kizuri sana. Kina mlango wa nyuma: gavana akitia saini hati ya kusema kuna dharura, siku 3 zinafutika. Na dharura, Waheshimiwa, haijawahi kuwaangusha. Mnasubiri siku 30 na zaidi, kisha maelfu ya kurasa yanatoka kwenye mashine na kura inaanza, kwa sababu muda umekwisha. Nani aliumaliza? Zamani rundo la karatasi lilikuwa mezani, mtu angalau aliona unene wake. Mwaka 2014 wapiga kura walikubali miswada ipelekwe kwa kompyuta. Sasa mnaacha kuisoma kwa teknolojia ya kisasa.

Kuna msemo wa miaka mingi hapo Albany, kwamba jimbo linaendeshwa na wanaume watatu chumbani: gavana, spika na kiongozi wa Seneti. Leo chumbani yumo Gavana Hochul, Spika Carl Heastie na Andrea Stewart-Cousins wa Seneti. Wawili kati ya watatu ni wanawake. Ni maendeleo makubwa, na mlango bado umefungwa. Aprili 28, 2025, gavana alitoka akatangaza kwamba makubaliano ya jumla yamepatikana. Miswada mingi haikuwa imechapishwa. Wengi wenu mlipata habari kama nilivyoipata mimi, kwenye simu, huenda mkiwa foleni ya kahawa.

Wenye wilaya za shule hawana foleni ya kujifichia. Kwa sheria mliyoitunga ninyi wenyewe, wananchi wanapigia kura bajeti ya shule Jumanne ya tatu ya Mei, ije mvua lije jua. Niliwahi kukaa katika mkutano wa bodi ya shule mwezi Aprili, kwenye viti vya plastiki vya ukumbi wa chakula. Mhasibu alionyesha jedwali kwenye ukuta. Mstari wa msaada wa jimbo, ule mkubwa kuliko mingine, ulikuwa na alama ya nyota, na chini ya ukurasa kwa herufi ndogo ziliandikwa habari za nyota hiyo: makadirio. Mama mmoja akauliza mwalimu wa muziki atabaki au hatabaki. Mhasibu akaitazama ile nyota. Akasema inategemea Albany. Mwaka 2025 kura hiyo iliangukia Mei 20, siku 12 baada ya ninyi kumaliza. Bodi ya shule ikikosa tarehe haina gavana wa kuiandikia hati ya dharura.

Bajeti ikipita mnapumua, na Juni inakuja na mchezo uleule. Usiku wa mwisho wa kikao miswada inapita kama abiria wa daladala saa 12 jioni, na Seneti inaletewa majina ya walioteuliwa: mahakimu, wajumbe wa bodi, wakuu wa mamlaka. Wanaitwa, wanasifiwa, wanasimama, makofi, anayefuata. Kwetu Dodoma tungesema waliosema ndiyo wameshinda. (Dodoma bajeti haichelewi. Rais anaweza kuvunja Bunge likiikataa, na hakuna kinachomwahisha mbunge kama kuogopa kupoteza kiti chake. Siwashauri mwige.)

Lakini mkitaka kusoma, mnaweza. Desemba 2022 gavana alimpendekeza Hector LaSalle awe jaji mkuu wa jimbo. Mlisoma hukumu zake. Mlimhoji kwa saa kadhaa hadharani. Januari 18, 2023 kamati ikamkataa kwa kura 10 kwa 9, na Februari 15 Seneti nzima ikamkataa, 39 kwa 20. Gavana akaleta jina jingine, Rowan Wilson, mkamthibitisha Aprili. Wako waliosema mlikosea kumkataa LaSalle, na hoja zao si za kupuuza. Mimi sina ugomvi na matokeo. Nilichokiona ni wabunge waliokuwa na kitu mkononi, wakakisoma kabla ya kusema ndiyo au hapana. Na bajeti ya mwaka ule? Ilipita Mei 2, mapema kuliko ya 2025. Kwa hiyo kusoma siko kulikowachelewesha.

Waheshimiwa, siombi mwahi. Nimekaa New York muda wa kutosha kujua mipaka ya dua. Naomba mambo mawili tu. Mkishachelewa siku 37 kama mwaka 2025, cheleweni na zile 3 za kusoma. Hakuna atakayegundua tofauti isipokuwa ninyi, mtakapokuta mlichopitisha. Na lile fungu la msaada wa shule litoeni kwenye kifurushi cha sheria, mlipitishe peke yake kabla ya Aprili kuisha. Ushahidi, simu na mengine yote bakini nayo chumbani mpaka Agosti mkipenda.

Ni mimi mlipa kodi wenu, ambaye fomu zangu zinatakiwa Aprili 15.